Mwaka 500 Hijria na kibao cha marumaru cha msikiti wetu



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mfalme wa wafalme, ambaye humpa ufalme amtakaye na humvua ufalme amtakaye. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, makala hii nimeiandika kwa sababu ya karatasi. Ni karatasi moja iliyochanwa kutoka kwenye daftari la shule, yenye mistari ya bluu, na imeandikwa majina tisa kwa kalamu ya wino. Iko mfukoni mwa kanzu yangu hivi ninapoandika. Nitaeleza ilivyofika hapo, lakini kwanza niseme kwamba msikiti sitautaja, wala mtu yeyote sitamtaja. Itoshe kusema ni hapa hapa Kahama, na mimi ni mmoja wa wajumbe wa kamati ya ujenzi wa msikiti huo.

Msikiti wetu ulikuwa mdogo, wa matofali ya kuchoma, na siku ya Ijumaa nusu ya watu walikuwa wakiswali juani. Tukaamua kujenga mpya. Kama kawaida ya mji huu wa dhahabu, tulizunguka na bakuli, tukapata kidogo, mpaka alipojitokeza ndugu yetu mmoja mwenye maduara mawili na karasha kwenye mwalo. Alitoa mifuko mia tatu ya saruji, akatoa nondo, akaahidi na bati. Tulimwombea dua nyingi sana. Kisha akaleta ombi lake, kwamba kibao cha marumaru chenye jina lake kiwekwe juu ya mlango, kiangalie barabarani. Kibao chenyewe tayari alikwishakichongesha Mwanza. Kamati ikakubali bila hata kupiga kura.

Ijumaa ile imamu alipomaliza kutangaza habari za kibao, alisimama kijana safu ya nyuma, karibu na nguzo. Nguo zake zilikuwa safi lakini mikono ilikuwa na ile rangi ya vumbi la mawe isiyotoka kwa sabuni. Akasema: "Wazee wangu, shikamooni. Nina karatasi hapa. Naomba isomwe kabla ya hicho kibao." Karatasi ilikuwa na majina ya vijana tisa waliofanya kazi kwenye karasha la mfadhili wetu, na mbele ya kila jina kiasi anachodai. Mwenyekiti akamjibu: "Kaa chini mwanangu. Mambo ya maduarani yana ofisi zake. Hapa ni nyumba ya Mwenyezi Mungu." Watu wakanung'unika, wengine upande huu, wengine upande ule. Na mimi? Mimi nilimwendea yule kijana, nikamshika kiwiko kwa upole, nikamkalisha. Nilidhani ninazuia fitina msikitini. Karatasi nikaichukua, nikaitia mfukoni, nikamwambia tutaishughulikia.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka karatasi nyingine, ya zamani sana.

Ilikuwa siku ya Ashura, tarehe 10 Muharram mwaka 500 Hijria, katika mji wa Nishapur, nchi ya Khurasan. Waziri wa Khurasan wakati huo alikuwa Fakhr al-Mulk, mtoto wa yule waziri mashuhuri Nizam al-Mulk aliyejenga madrasa za Nidhamiya. Wanahistoria wanasimulia kwamba siku hiyo waziri alikuwa amefunga, na kwamba usiku wake alimuota Sayyidna Husein (r.a.) akimhimiza afuturu pamoja naye. Jioni alisikia sauti ya mtu analia nje, analalamika kwamba Waislamu wamekwisha, hakuna aliyebaki wa kumwondolea dhulma aliyedhulumiwa. Waziri akamhurumia, akaamuru aitwe. Mtu yule akampa karatasi ya malalamiko yake. Waziri alipoinama kuisoma, yule mtu akachomoa kisu akamuua. Alikuwa ni mmoja wa Mabatini waliotumwa kuua viongozi, kama alivyouawa baba yake, Nizam al-Mulk, mwaka 485 Hijria.

Ndugu msomaji, unaweza kusema: "Basi huyo waziri alikosea, asingesoma karatasi angepona." Ni kweli angepona. Lakini tazama, muuaji yule alijua kitu gani kuhusu waziri? Alijua kwamba njia ya kumfikia, kupita walinzi wake wote, ni sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Huo ndio mlango aliokuwa hawezi kuufunga. Mimi najiuliza, adui akitaka kutufikia sisi wanakamati wa msikiti wetu, atumie sauti ya nani? Naogopa kwamba atumie sauti ya mfadhili.

Mwaka ule wa 500 ni mwaka wa ajabu, na inasikitisha kwamba watoto wetu hawaujui.  Ulianza Septemba 1106 kwa hesabu ya miladi, ukamalizika Agosti 1107. Ulikuwa mwanzo wa karne, na Waislamu wa zama zile walikuwa wakiisubiri kwa hamu, kwani ipo hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyopokewa na Abu Daud kwamba Mwenyezi Mungu huuletea umma huu, kila mwanzo wa miaka mia, atakayewahuishia dini yao.

Na walihitaji kuhuishwa. Baitul-Maqdis ilikuwa mikononi mwa Wafranki tangu mwaka 492 (1099), na Baldwin wa Kwanza amekaa pale akiitwa mfalme wa Jerusalem. Tripoli ya Sham ilikuwa imezingirwa. Khalifa wa Baghdad, al-Mustadhhir, alikuwa na jina tu. Khalifa wa Misri, al-Amir, alikuwa bado kijana mdogo, na amri ilikuwa kwa waziri wake. Masultani wa Kiseljuki walikuwa wametoka kupigana wao kwa wao, Barkiyaruq na ndugu yake Muhammad, miaka na miaka, mpaka Barkiyaruq alipofariki mwaka 498 ndipo Muhammad akabaki peke yake. Katika mwaka huo wa 500 Sultan Muhammad aliizingira na kuiteka ngome ya Shahdiz karibu na Isfahan, ngome ambayo baba yake mwenyewe, Malikshah, ndiye aliyeijenga na Mabatini wakaichukua.

Wala tusidhani kwamba Ulaya walikuwa na hali bora. Tarehe 28 Septemba 1106, mwezi huo huo wa Muharram, Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza alipigana na kaka yake wa damu, Robert, huko Tinchebray katika Normandia. Akamshinda, akamfunga gerezani. Robert alikaa kifungoni mpaka alipofariki mwaka 1134. Miaka 28 ndugu anamfungia ndugu! Ufalme ni ufalme.

Lakini nataka tusimame kidogo kwa wafalme wawili, kwa sababu habari zao zinahusu kibao chetu.

Wa kwanza ni Yusuf bin Tashfin, Amiri wa Murabitina, aliyefariki Muharram mwaka 500 akiwa amefikia, kama wanavyoandika, karibu miaka mia moja. Utawala wake ulitoka jangwani, ukaenea Maghrib yote mpaka Andalusia. Ndiye aliyewashinda Wakristo wa Castilla katika vita vya Zallaqa mwaka 479 (1086). Dhahabu ya nchi za weusi za Afrika Magharibi ilipita mikononi mwake, na dinari zake zilikuwa safi kiasi kwamba hata wafalme wa Kikristo walizitafuta na kuziiga. Sisi watu wa Kahama tunajua dhahabu inavyomfanya mtu. Akipata viroba vitatu vya mawe mazuri, wiki ijayo humtambui. Huyu aliyekuwa na dhahabu ya nchi nzima, waandishi wanasema alivaa sufi, akala mkate wa shayiri, nyama ya ngamia na maziwa yake, mpaka akafa. Sisemi kwamba alikuwa mtakatifu. Aliwavua utawala wafalme wadogo wa Andalusia, na alitafuta fatwa za wanazuoni zimuunge mkono. Nasema tu kwamba dhahabu haikumbadilisha chakula.

Wa pili ni Kilij Arslan, Sultan wa Rum, yaani Uturuki ya leo. Huyu alikuwa shujaa. Alipoteza mji wake wa Nikea kwa Wafranki mwaka 1097, lakini mwaka 1101 aliyasambaratisha majeshi yao mengine yaliyokuja kwa njia ya nchi kavu. Mwaka 500 akaingia Mosul. Alifanya nini alipoingia? Aliamuru jina la Sultan Muhammad liondolewe katika khutba, lisomwe la kwake. Wakati ule jina kusomwa juu ya mimbari siku ya Ijumaa ndiyo ilikuwa alama ya ufalme, hiyo na jina kwenye sarafu. Basi likasomwa. Ijumaa chache tu! Katikati ya mwaka 1107 akakutana na jeshi la Waislamu wenzake kwenye mto Khabur, akashindwa, akajitupa mtoni na farasi wake, wote wamevaa chuma, na maji yakamchukua. Baadaye maiti yake ikaokotwa. Jina likatolewa katika khutba kwa haraka ile ile lililoingizwa.

Sasa njooni kwetu.

Majira hayo hayo, mwezi wa Dhul-Qa'da mwaka 500, yaani Julai 1107, kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja, mahali panapoitwa Kizimkazi Dimbani, palijengwa msikiti. Msikiti huo upo mpaka leo na unaswaliwa. Ulijengwa upya karne ya 18, na ukiupita kwa nje waweza kudhani ni nyumba ya kawaida yenye paa la bati. Ukiingia ndani, kwenye mihrabu, kuna maandishi ya Kiarabu ya khati ya Kufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, kwa ufundi ambao wataalamu wanaukubali mpaka leo. Ni katika maandishi ya zamani kabisa yenye tarehe katika Afrika Mashariki yote. Miaka ile ile Waislamu wa pwani walikuwa wakifanya biashara na Sofala, dhahabu ikishuka kutoka bara, na huko Pemba watu wa Mtambwe Mkuu walikwishatumia sarafu za fedha zenye majina ya watawala wao kwa Kiarabu. Hatukuwa mkia wa dunia. Mwaka ambao Kilij Arslan anazama, mafundi wetu wanachonga.

Na maandishi yale yanasema nini? Pamoja na aya za Qur'ani, yanasema kwamba aliyeamuru kujengwa msikiti ni Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, na yanamwombea umri mrefu.

Hapa ndipo mwenzangu mmoja wa kamati aliponibana nilipomsimulia. Akaniambia: "Sheikh, umeona? Hata Kizimkazi mfadhili ameandikwa jina. Kwa nini huyu wetu umuonee?" Wallahi nilikosa jibu kwa siku mbili. Ni kweli. Kuandika jina la mjenzi si jambo geni katika misikiti ya Waislamu, na mimi sitasema ni haramu. Nia ya mtu iko baina yake na Mola wake, ingawa sote tunaijua ile hadithi iliyo katika Sahih Muslim ya watu watatu watakaotangulia kuhukumiwa na kutupwa motoni, mmoja wao akiwa tajiri aliyetoa mali ili asemwe mkarimu, naye akasemwa.

Lakini watu wa Kizimkazi wenyewe wana simulizi nyingine kuhusu msikiti ule, na wageni wanaofika pale husimuliwa. Wanasema palikuwa na mfalme akiitwa Kizi, na fundi wake akiitwa Kazi. Fundi alipomaliza kujenga msikiti, mfalme aliamuru akatwe mkono ili asije akamjengea mwingine msikiti mzuri kama ule. Hiyo ni simulizi, si historia iliyothibiti, na hakuna anayewajibika kuiamini. Mimi siamini kwamba Abu Imran alikata mkono wa mtu. Ila najiuliza kwa nini wananchi, kizazi baada ya kizazi, walihisi kwamba hadithi ya jiwe lile haijakamilika mpaka atajwe fundi. Jiwe limemtaja aliyeamuru. Aliyechonga halikumtaja. Basi midomo ya watu ikamtaja, na ikamtaja pamoja na dhulma.

Nikarudi kwenye karatasi yangu ya majina tisa.

Mwaka mmoja kabla ya Kizimkazi, mwezi ule ule wa Dhul-Qa'da, mwaka 499, Imamu Ghazali (r.a.) alirejea kufundisha Nishapur. Alikuwa ameacha madaraka makubwa ya Nidhamiya ya Baghdad mwaka 488, mwezi huo huo wa Dhul-Qa'da, akaenda Sham na Quds na Hijja, miaka kumi na moja. Mwaka 489 aliapa mbele ya kaburi la Nabii Ibrahim (a.s.) huko al-Khalil kwamba hatakwenda kwa sultani yeyote, hatachukua mali ya sultani, na hatajadiliana tena kwa mashindano. Aliyemrudisha kwenye ufundishaji ni huyo huyo Fakhr al-Mulk aliyesoma karatasi. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba mwanzo wa karne, na ile ahadi ya kuhuishwa dini, ni katika mambo yaliyomfanya akubali. Muda mfupi tu, waziri wake akauawa.

Ghazali ameandika kitabu kizima ndani ya Ihya kuhusu halali na haramu, na sehemu kubwa ni kuhusu mali za watawala na matajiri, nani azipokee, azipokee vipi, azirudishe wapi. Mafunzo yake katika suala letu hayana kigugumizi. Mali ya mtu iliyo mikononi mwako pasipo haki, mwenyewe akiwa anajulikana, hairuhusiwi kuitoa sadaka wala kuijengea msikiti. Inarudishwa kwa mwenyewe. Mlango wa sadaka unafunguka pale tu mwenyewe asipopatikana wala warithi wake. Na sisi wenyewe wa mali hiyo hatukuwa na haja ya kuwatafuta. Walikuwa safu ya nyuma, karibu na nguzo. Mmoja alisimama, nami nikamkalisha.

Tuache Ghazali, twende kwa Mtume mwenyewe (s.a.w.). Alipofika Madina, kiwanja cha msikiti wake kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhail. Walitaka kukitoa bure. Alikataa, mpaka kikalipiwa. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mwenyewe ulianza kwa kulipa deni! Na ni yeye aliyeagiza mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la vijana wa karasha halikauki kwa siku moja, tukubaliane, maana ni la vumbi na zebaki, wengine linawatoka mpaka kifuani kwa kukohoa. Mwaka 2015 kule Nyangarata, katika wilaya yetu hii, watu walitolewa hai chini ya ardhi baada ya siku 41. Mji mzima ulilia. Tulisema tumejifunza thamani ya mchimbaji.

Ndugu zangu, mimi simchukii mfadhili wetu. Ni Muislamu, anaswali, na huenda naye anadaiwa au anadai kwa wanunuzi, biashara ya dhahabu tunaijua ina kupanda na kushuka. Tuliiona Buzwagi ikianza mwaka 2009 na tukaiona ikifungwa mwaka 2021, na waliopanga nyumba za fahari wakahama usiku. Kosa kubwa zaidi ni letu sisi wa kamati. Yeye alileta saruji. Sisi ndio tuliotakiwa kuuliza. Tungeuliza kabla ya mfuko wa kwanza kushushwa, isingekuwa aibu kwa mtu yeyote. Tulinyamaza kwa sababu tulikuwa tumechoka kuswali juani, na hilo ni jambo la kueleweka, lakini katika Suratut-Tawba, aya ya 18, Mola anapowaeleza wanaoimarisha misikiti yake anataja imani, swala, zaka, na kutomuogopa yeyote isipokuwa Yeye. Nasoma aya hiyo tangu madrasa. Sikuwahi kuiona ile sehemu ya mwisho kwamba inasemwa kwa wajumbe wa kamati za ujenzi.

Wiki iliyopita nilimtafuta yule kijana kule kwenye mwalo. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Hakusema mengi. Aliuliza tu: "Sheikh, karatasi bado ipo?" Nikamwonyesha. Akaniomba niongeze jina moja alilokuwa amelisahau, la kijana wa Kibondo aliyekwisharudi kwao mgonjwa. Sasa ni majina kumi.

Kibao cha marumaru kiko ofisini kwa imamu, kimefungwa kwenye kiroba, kimesimamishwa nyuma ya kabati. Kamati inakutana Jumapili baada ya swala ya Alasiri. Nimemwandikia mwenyekiti kwamba karatasi iwe ajenda ya kwanza, na kwamba mfadhili aitwe kwa heshima zote, akae na vijana wake, wahesabiane mbele yetu kabla hatujashika tofali jingine. Mwenyekiti mpaka leo hajanijibu, ila jana baada ya Isha aliniuliza, kama kwa bahati tu, majina ni mangapi.